Mgonjwa Haulizwi Uji: Historia Fupi ya Huruma Katika Uuguzi

Wazee wetu wametuachia msemo: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake inajulikana na kila aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili. Mgonjwa akiulizwa kama anataka uji, atasema hataki. Ama kwa kuwa mdomo wake mchungu, ama kwa kuona haya kumsumbua mtu jikoni. Kwa hiyo haulizwi. Uji hupikwa, hupozwa, huletwa pamoja na kijiko, na mtu huketi naye mpaka bakuli lipungue. Hiyo ndiyo huruma tuliyofunzwa nyumbani. Haingoji kuombwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi huruma ya namna hiyo ilivyoingia katika kazi ya uuguzi wa hospitali, jinsi ilivyopotea kwa nyakati, na ni nani waliojitahidi kuirudisha. Nimeona habari hizi zinafaa kuwekwa katika kitabu chetu cha mwaka kwa sababu mbili. Kwanza, wengi katika watoto wetu hapa Uingereza wanashika kazi ya unesi na ya kutunza wazee, na ni haki yao kujua kazi hiyo imetoka wapi. Pili, wale waliokuja vijana baada ya mwaka 1964 sasa ni wazee, na nyumba zetu nyingi zina mgonjwa ambaye hatapona. Jambo hili latugusa sote, aliye London na aliye Maskati.

Kuugua na kuuguza

Lugha yetu yenyewe ina elimu katika jambo hili. Mwenye maradhi anaugua, anayemtunza anamuuguza, na mwenye mgonjwa nyumbani husema ameuguliwa, kama vile aliyeondokewa na mtu husema amefiwa. Maneno yote matatu yana shina moja. Anayeumwa ni mmoja, lakini ugonjwa huingia nyumba nzima.

Ndiyo maana kwetu uuguzi haukuwa kazi ya mshahara. Ulikuwa zamu. Mmoja akimgeuza mgonjwa asifanye vidonda vya mgongo, mmoja akimkanda miguu, mmoja akikesha naye usiku. Hapakuwa na daftari wala saa ya ukutani, lakini mama, shangazi, mkazamwana na jirani kila mmoja aliijua zamu yake.

Tusijisifu kupita kiasi, lakini. Nyumba zetu pia zilikuwa na kasoro zake: chumba kujaa wageni mpaka mgonjwa akakosa hewa, kunong'onezana mlangoni, na kumficha mwenye maradhi habari za maradhi yake mwenyewe. Kasoro hizo tutakutana nazo tena huko mbele.

Hema la Madina

Katika historia ya Kiislamu, mwanamke anayetajwa kwanza katika kazi hii ni Rufaida wa kabila la Aslam. Yeye alikuwa na hema katika msikiti wa Madina, akitibu majeruhi na kuwahudumia wale wasiokuwa na jamaa wa kuwatazama. Katika Vita vya Handaki, mwaka 5 Hijria, yaani mwaka 627, Saad bin Muadh alipigwa mshale mkononi. Mtume akaamuru awekwe katika hema la Rufaida ili apate kumzuru kwa karibu. Imepokewa kwamba alipokuwa akipita jioni humuuliza jinsi jioni ilivyomkuta, na asubuhi humuuliza jinsi alivyoamka, naye Saad akimweleza.

Habari hii ina mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, hema liliwekwa pale watu walipopita, si pembeni ambako mgonjwa husahauliwa. La pili, mgonjwa aliulizwa hali yake, na aliyeuliza alisimama akasikiliza jibu. Msemo wetu unasema haulizwi uji, na ni kweli. Lakini maumivu yake huulizwa, na huulizwa kila siku, kwa kuwa hakuna awezaye kuyajua ila yeye mwenyewe. Historia yote itakayofuata ni historia ya mambo haya mawili.

Taa na chakula

Tuvuke karne nyingi mpaka Vita vya Crimea. Tarehe 4 Novemba 1854 Florence Nightingale alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, akiwa na wanawake 38 aliowachukua kwenda kuuguza askari wa Kiingereza. Walikuta kambi kubwa iliyogeuzwa hospitali, mifereji ya uchafu ikiwa imeziba chini yake, na askari wakifa kwa kuhara na homa kuliko waliokufa kwa risasi. Watu wengi wanamkumbuka kwa taa aliyoibeba usiku akipita kati ya vitanda. Yeye mwenyewe, vita vilipokwisha, alikaa na hesabu. Pamoja na mwanatakwimu William Farr alionyesha kwamba hewa mbaya na uchafu ndivyo vilivyowaua askari kwa wingi. Alijua basi kwamba kumpangusa mgonjwa jasho ni kazi njema, lakini mfereji ulioziba chini ya kitanda chake utamuua vilevile.

Mwaka 1859 alitoa kitabu chake kidogo juu ya uuguzi, Notes on Nursing, na mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Akina mama wetu wakikisoma kitabu hicho watajiona humo. Ameandika sura nzima juu ya chakula cha mgonjwa. Anaeleza kwamba wagonjwa wengi hufa njaa na chakula kipo, kwa sababu tu hakikuletwa kwa wakati ambao mgonjwa anaweza kumeza, au kiliachwa kando ya kitanda tangu mlo mmoja hadi mwingine mpaka akakichukia. Anakataza kunong'ona mlangoni, kwa kuwa mgonjwa hujichosha akijaribu kusikia. Anawalaumu wageni wanaokuja kumpa mgonjwa matumaini ya uongo na mashauri ambayo hakuyaomba. Na anasema kwamba kungoja, kutojua na wasiwasi humdhoofisha mgonjwa zaidi ya kazi.

Wakati huohuo na katika vita vilevile alikuwapo mwanamke mwingine, na sisi wageni katika nchi hii yafaa tumjue. Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1805. Mama yake alikuwa mganga mwenye nyumba ya wageni, naye kutoka kwake alijifunza kuuguza watu wa kipindupindu na homa ya manjano. Vita vilipoanza alikuja London kuomba apelekwe Crimea pamoja na wauguzi. Hakukubaliwa. Akaenda kwa gharama zake, na mwaka 1855 akafungua nyumba karibu na Balaclava, akiuza chakula na mahitaji kwa askari, akiwatibu wagonjwa, na kuwafuata majeruhi mpaka karibu na uwanja wa vita. Aliandika habari za maisha yake mwaka 1857, akafa London mwaka 1881, kisha akasahauliwa kwa muda mrefu. Sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya St Thomas' mwaka 2016.

Mgeni aliyekufa London

Tarehe 5 Julai 1948 serikali ya Uingereza ilianzisha huduma ya matibabu kwa watu wote bila malipo. Hospitali zilihitaji mikono mingi, na wasichana wakaitwa kutoka Karibi, na baadaye kutoka makoloni mengine. Wengi walitiwa katika mafunzo ya miaka miwili badala ya yale ya miaka mitatu, wakapewa cheti cha chini ambacho hakikuwafaa waliporudi makwao. Kazi zao zilikuwa za usiku na za kunyanyua wagonjwa, na hospitali nyingi zisingefunguka bila wao. Katika koo zetu wapo waliopita njia hiyo.

Miezi michache kabla ya siku hiyo ya Julai, katika hospitali moja ya London, alikuwa anakufa mtu aliyeitwa David Tasma. Alikuwa Myahudi kutoka Warsaw, Poland, mkimbizi, kazi yake kuhudumia meza hotelini, umri wake miaka 40. Saratani ilikwisha enea. Hakuwa na mke wala mtoto wala jamaa wa kuketi naye. Aliyemzuru mara kwa mara alikuwa Cicely Saunders, aliyezaliwa mwaka 1918. Bibi huyu alisomea unesi katika shule ya Nightingale wakati wa vita, akaumia mgongo, akahamia kazi ya kushughulikia ustawi wa wagonjwa hospitalini. Wawili hao walizungumza juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufa bila maumivu na bila upweke. Tasma alifariki Februari 1948, akamwachia paundi 500 ili awe dirisha katika nyumba ambayo bibi huyo angeijenga.

Saunders hakuijenga mara moja. Kwanza alijitolea saa za jioni katika hospitali ya St Luke's, Bayswater, iliyowekwa tangu mwaka 1893 kwa ajili ya maskini walio karibu na kufa. Huko ndiko alikoona jambo ambalo manesi wa hapo walikuwa wakilifanya siku zote bila kelele. Katika hospitali nyingine dawa ya maumivu ilitolewa pale mgonjwa alipolia. Akilia, nesi akamtafuta daktari, daktari akaja au hakuja, na sindano ilipofika mgonjwa alikwisha choka. Baada ya saa kadhaa yakarudi yaleyale. Mgonjwa akawa anaishi kwa kungoja maumivu na kuomba, na kila alipoomba aliona haya. St Luke's walimpa dawa ya kunywa kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Hawakungoja alie.

Msomaji ataona kwamba huu ni uji uleule. Manesi wa St Luke's walilifikia kwa uzoefu jambo ambalo bibi zetu walilisema kwa maneno matatu.

Daktari mmoja wa upasuaji alimshauri Saunders asomee udaktari, kwa sababu madaktari wasingemsikiliza nesi katika jambo hilo. Akasoma, akafuzu mwaka 1957. Tangu mwaka 1958 alifanya kazi St Joseph's, Hackney, kwa watawa wa Kiayalandi, akiwapa wagonjwa mofini ya kunywa kila baada ya saa nne, kwa kipimo cha kila mmoja, na kuandika kwa uangalifu yaliyotokea. Aliandika habari za mamia ya wagonjwa. Walikaa macho, wakazungumza na watu wao, wakala. Hofu ya kwamba watakuwa watumwa wa dawa haikuthibitika.

Lakini aliandika pia majibu yao alipowauliza wanaumwa wapi. Mwanamke mmoja alianza na mgongo, kisha akaeleza kwamba sasa mwili wote ni taabu. Mume na mwanawe ni wema kwake, lakini inawalazimu kukosa kazi kwa ajili yake, na fedha zinapotea. Mgongo ulikuwa mwanzo tu wa maumivu yake. Kutokana na maneno ya wagonjwa kama huyo Saunders alifundisha kwamba maumivu yana sehemu ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho, na kwamba dawa peke yake haitoshi.

Mwaka 1967 nyumba yake, St Christopher's, ilifunguliwa Sydenham, kusini ya London, na dirisha la Tasma limo. Mwaka 1969 wauguzi wake wakaanza kuwafuata wagonjwa majumbani. Alifariki mwaka 2005 humohumo katika nyumba aliyoijenga. Nyumba za namna hiyo, ziitwazo hospisi, zimeenea duniani. Na mwanzo wake ni mkimbizi asiye na mtu na nesi mwenye mgongo mbovu.

Mofini yafika Kampala

Habari hizi zina mkono wake kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1990 hospisi ya Nairobi ilifunguliwa, na daktari wake wa mwanzo alikuwa Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, aliyekuwa amefanya kazi Singapore kabla ya hapo. Mwaka 1993 alianzisha hospisi nyingine Kampala. Dawa yake ilikuwa nyepesi kutengenezwa: unga wa mofini, maji, na kitu kidogo cha kuihifadhi isiharibike. Ilitiwa katika chupa, na jamaa wa mgonjwa akaonyeshwa kipimo na saa.

Tatizo lilikuwa madaktari wachache na vijiji vingi. Sheria ilimtaka daktari ndiye aandike mofini, na mgonjwa wa kijijini pengine hatamuona daktari mpaka anakufa. Mwaka 2004 Uganda ilibadili sheria, ikawaruhusu manesi na waganga wasaidizi waliopata mafunzo maalumu kuiandika wenyewe. Ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Yafaa tulitazame jambo hili vizuri. Saunders alilazimika kuwa daktari ili maneno ya manesi yasikilizwe. Uganda ilimpa nesi kalamu.

Maji yasiyofikiwa

Mtu asidhani kwamba elimu hii ikishapatikana haipotei tena. Kati ya mwaka 2005 na 2009, katika hospitali ya Stafford, hapahapa Uingereza, wagonjwa wengi hasa wazee waliachwa katika uchafu wao, kengele zao hazikuitikiwa, na chakula na maji viliwekwa mahali ambapo mkono wao haukufika. Jamaa waliokataa kunyamaza ndio waliofanya jambo lijulikane. Uchunguzi wa serikali chini ya Robert Francis ulitoa ripoti yake Februari 2013 yenye mapendekezo 290. Ulieleza kwamba wakuu walishughulikia hesabu za fedha na malengo ya serikali, wakapunguza wauguzi, na sauti ya mgonjwa ikakosa wa kuisikia.

Sahani isiyofikiwa ya Stafford ni sahani ileile aliyoiandika Nightingale mwaka 1859. Miaka karibu 150 imepita kati yake. Na hapana shaka kwamba katika wodi zile walikuwamo manesi wenye moyo mwema, wengine wakilia njiani kurudi nyumbani. Moyo wao haukutosha kwa sababu mikono ilikuwa michache na hakuna aliyepewa muda wa kuketi na kijiko. Hili ndilo fundisho ambalo historia hii inalirudia tangu Scutari: huruma isiyopangiwa mtu, saa na zamu humwacha mgonjwa na njaa, hata kama kila mtu anamwonea uchungu.

Yanayotuhusu sisi

Sasa turudi kwetu, kwa kuwa wazee wetu wako katika hospitali hizi na katika nyumba hizi za wazee. Nina mambo matatu ya kuwakumbusha jamaa.

La kwanza ni salamu yetu. Nesi wa Kiingereza humuuliza mzee kama anaumwa, na pengine mtoto wetu humtafsiria kwa kusema: hujambo, babu? Naye babu hujibu: sijambo, Alhamdulillahi. Hajasema uongo. Amejibu salamu kama alivyolelewa, na hata mtu aliye katika sakarati hujibu hivyo. Lakini nesi ameandika katika daftari kwamba mgonjwa hana maumivu, na dawa haitaletwa. Kwa hiyo salamu na itolewe kwanza, kisha aulizwe kwa maneno mengine: usiku umelala? Wapi panauma? Panachoma, panakata au panavuta? Hapo ndipo atakaposema. Anayetafsiri aeleze jibu lote, wala asilipunguze kwa kuona haya.

La pili ni mofini. Katika nyumba zetu jina hili hutisha. Huonekana kama ni kumharakisha mtu, au kumlevya. Tumeona kwamba dawa hii ikipimwa vyema na kutolewa kwa saa zake humrudishia mgonjwa usingizi na maneno, na aliyetulia huweza kuswali, kuusia na kuagana na watu wake. Anayemzuia mzee dawa hiyo kwa hofu yake mwenyewe hana budi kumsikiliza mzee kwanza. Vilevile anayeona kwamba dawa imezidi ana haki ya kumuuliza nesi, na nesi mwema hukasirishwa zaidi na jamaa anayenyamaza.

La tatu ni zamu. Tunajua kujaa hospitalini siku ya kwanza, watu ishirini mlangoni mpaka manesi wanatukataza. Wiki ya tano mgonjwa hubaki na binti mmoja, yuleyule, aliyeacha kazi yake, naye hatumwi mtu kumpokea. Aliyeuguliwa naye anahitaji kuuguzwa. Jamaa wa mji mmoja wakiandika karatasi, nani Jumatatu, nani Jumanne, nani wa uji wa jioni, nani wa kukesha, watakuwa wamefanya kwa kalamu jambo ambalo bibi zetu walilifanya kwa ada. Na wale walio mbali, Dubai au Mombasa, wanaweza kushika saa moja ya simu kila siku, ili mzee asikie Kiswahili masikioni mwake.

Kwa vijana wetu wanaofanya kazi hii wodini, tunawaambia kwamba wanashika kazi yenye nasaba ndefu. Usiku wa manane, mnapomgeuza ubavu mzee wa Kiingereza ambaye hata jina lenu hawezi kulitamka, mnamfanyia yale ambayo mtu mwingine, tusiyemjua, anawafanyia wazee wetu katika wodi nyingine. Msingoje aombe. Na mkimuuliza, msimame msikie jibu.

Mwenyezi Mungu awape afueni wagonjwa wetu, na nguvu wanaowauguza.